Uvimbe wa ovari usio saratani na ule wa mpakani: maswali kuhusu jeni yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa mwanamke aliyetoka kupigwa altrasaundi akaambiwa ana uvimbe kwenye kifuko cha mayai, au aliyekwisha kufanyiwa upasuaji na sasa ameshika karatasi ya majibu asiyoielewa. Maswali ni yale yanayorudi kila kliniki na kila grupu la WhatsApp la akina mama wa kusini. Si lazima usome kwa mpangilio. Jambo lililokwisha kuelezwa silirudii, nakuelekeza kwenye namba yake.

## Mambo ya mwanzo

1. Uvimbe wa ovari ndio huo huo uvimbe wa kizazi?

Hapana. Ovari ni vifuko viwili vya mayai, kimoja kulia na kimoja kushoto kwa mfuko wa uzazi. Ule ambao wengi huuita "uvimbe wa kizazi" ni faibroidi, na huota kwenye msuli wa mfuko wa uzazi wenyewe. Nyama ni tofauti na jeni ni tofauti: takriban faibroidi 7 kati ya 10 zina badiliko kwenye jeni iitwayo MED12, ambayo si kawaida kuikuta kwenye uvimbe wa ovari. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha majibu yako na ya shoga yako, ulizaneni kwanza uvimbe wa kila mmoja ulikuwa wapi.

2. Je, kila uvimbe wa ovari umetokana na kasoro ya jeni?

La. Kila mwezi yai hukua ndani ya kifuko kidogo cha maji. Kifuko hicho kisipopasuka, au kikijaa damu baada ya yai kutoka, altrasaundi itaonyesha "uvimbe" wa sentimita kadhaa. Hakuna jeni iliyoharibika hapo. Daktari hukuambia urudi baada ya wiki 6 hadi 12, na mara nyingi utakuta umeshayeyuka.

Uvimbe usioyeyuka, unaokua, au wenye vinyama ndani yake ndio tunaouzungumzia kuanzia hapa. Na hata huo si wote una jeni ileile iliyobadilika.

Jambo moja halisubiri tarehe ya kliniki: maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo la chini, pamoja na kutapika. Huenda uvimbe umejisokota na kuikosesha ovari damu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

3. Nikiambiwa "kuna badiliko la jeni", maana yake nimerithi?

Kwa uvimbe wa aina hizi, karibu mara zote hapana, na hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote hapa.

Jeni ni maelekezo yaliyoandikwa ndani ya kila seli. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000, zimepangwa kwenye kromosomu 46, nusu za mama na nusu za baba. Seli inapogawanyika inanakili maandishi yote hayo upya, na mara mojamoja inakosea herufi. Makosa mengi hayana athari. Machache huangukia kwenye jeni zinazoamuru seli igawanyike lini na isimame lini.

Kosa likitokea ndani ya seli moja ya ovari ukiwa mtu mzima, linabaki kwenye seli hiyo na zile zinazotokana nayo, basi. Halimo kwenye damu yako, hukulitoa kwa mama yako, wala binti yako hatalipata. Badiliko la kurithi ni jingine: hilo lilikuwamo kwenye yai au mbegu uliyotokana nayo, kwa hiyo limo katika kila seli ya mwili. Yapo magonjwa machache ya namna hiyo yanayogusa ovari, na yana sehemu yake mbele (swali la 12 na la 13).

4. Wa "mpakani" ni saratani au si saratani?

Si saratani kamili, na si uvimbe wa kawaida. Kwenye karatasi huandikwa kwa Kiingereza borderline. Chini ya hadubini seli zake zimeongezeka kupita kiasi na maumbo yake yana kasoro, lakini hazijapenya kwenye nyama ya ovari iliyo chini yake. Kupenya huko ndiko kunakoitambulisha saratani. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, liliutenga uvimbe huu katika kundi lake mwaka 1971.

Kati ya uvimbe unaotokana na utando wa nje wa ovari, ukiacha ule wa kawaida, wa mpakani ni kama 10 hadi 15 kwa kila 100. Huwapata wanawake wenye umri mdogo kuliko wanaopata saratani ya ovari. Karibu theluthi yao hawajafika miaka 40. Ukikutwa haujatoka nje ya ovari, zaidi ya wanawake 95 kati ya 100 wako hai miaka 5 baadaye.

Msemo "saratani ya mwanzo" siupendi, ingawa unasikika sana wodini. Unamfanya mtu aamini kwamba asingewahi ingekuwa saratani ile kali inayoua haraka. Jeni zinasema vingine: saratani ya ovari iliyo kali zaidi ina njia yake na haianzii kwenye uvimbe wa mpakani (swali la 12).

## Aina moja moja na jeni zake

5. Karatasi yangu inasema uvimbe ni wa "serosi". Ni jeni gani zinahusika?

Serosi ni ule wenye majimaji mepesi. Hapa kuna hadithi mbili.

Ukiwa uvimbe wa kawaida, ukuta mwembamba na maji ndani, kwa kawaida hakuna badiliko kwenye jeni za saratani zinazojulikana. Mwingi wake haukutokana hata na seli moja iliyoasi, bali ni seli nyingi zilizotanuka pamoja.

Ukiwa wa mpakani, takriban uvimbe 2 kati ya 3 una badiliko kwenye KRAS au BRAF. Jeni hizi mbili ziko kwenye mnyororo mmoja wa amri unaoanzia kwenye ukuta wa seli na kuishia kwenye kiini, na amri yenyewe ni "gawanyika". Kwa kawaida KRAS hufunguka kidogo, amri ikapita, kisha hujifunga. Badiliko kwenye nafasi ya 12 au ya 13 huifanya kama koki ya mtaani iliyokwama ikiwa wazi: maji yanamwagika hata kama hakuna aliyeweka ndoo. BRAF iko hatua moja mbele. Badiliko lake ni la herufi moja tu, T kuwa A, na matokeo yake protini inabadilika kwenye nafasi ya 600. Kwa kuwa zote mbili zinafanya kazi ileile, ni nadra kuzikuta zimebadilika pamoja. Baadhi ya uvimbe usio na lolote kati ya hayo una badiliko kwenye ERBB2, iliyoko juu zaidi kwenye mnyororo huo huo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulitazama sehemu za kawaida zilizopakana na uvimbe wa mpakani, sehemu ambazo kwa macho hazikuwa na kasoro yoyote. Badiliko lilelile lilikuwamo. Ina maana jeni hubadilika kwanza, sura ya seli hufuata baadaye.

6. Kati ya KRAS na BRAF, lipi ni afadhali?

Kwa ule wa serosi wa mpakani, BRAF ni afadhali. Wengi hushangaa, kwa sababu BRAF hiyo hiyo inajulikana kwa ubaya kwenye saratani ya ngozi. Seli za ovari zikishapata BRAF huongezeka kwa muda, kisha nyingi huchoka na kuacha kugawanyika. Uvimbe huo hukutwa mapema na ni nadra kugeuka saratani. Inapotokea serosi ya mpakani ikaendelea hadi kuwa saratani ya polepole, mara nyingi zaidi ni KRAS unayoikuta. Hata hivyo upasuaji ni uleule kwa wote wawili.

7. Tumbo lilikuwa kubwa kama la mimba ya miezi 8, wakatoa uvimbe wenye ute. Kwa nini majibu yamechukua muda mrefu?

Huo ni uvimbe wa ute, na ndio unaofikia ukubwa wa kutisha kuliko mwingine wowote wa ovari. Tatizo lake ni kwamba ndani ya uvimbe mmoja unaweza kukuta chumba cha kawaida kabisa, cha pili kikiwa cha mpakani, na cha tatu kina sehemu ndogo ya saratani.

Jeni zinaeleza sababu. Badiliko la KRAS hukutwa tangu kwenye uvimbe wa ute wa kawaida, likaendelea kwenye wa mpakani na kwenye saratani. Juu yake huongezeka upotevu wa CDKN2A, jeni ya breki, na kwenye saratani mara nyingi TP53, nayo jeni ya breki. Wengine wana nakala nyingi za ERBB2. Hii ni ngazi yenye vipandio, tofauti na serosi ya kawaida ya swali la 5, na kipandio cha juu huweza kuwa kwenye kona moja tu ya uvimbe wa kilo kadhaa.

Ndiyo maana mtaalamu wa patholojia hawezi kukata kipande kimoja akamaliza. Kanuni ni angalau kipande kimoja kwa kila sentimita ya upana, na uvimbe ukizidi sentimita 10 wengi huchukua viwili. Uvimbe wa sentimita 25 ni vipande 50. Mwenye kukupa majibu ya uvimbe kama huo kesho yake, mwulize alikata vingapi.

Ukiwa pande zote mbili, au mdogo, au tumbo zima limejaa kitu kama jeli, daktari atakitazama kidole tumbo na utumbo mpana. Ute huo huweza kuwa umetokea huko na kuhamia kwenye ovari. Uvimbe wa kidole tumbo mara nyingi una badiliko la GNAS pamoja na KRAS.

8. Walinitoa uvimbe wenye nywele na meno. Nyumbani wanasema nimerogwa. Ni nini hiki?

Ni dermoidi, na katika wasichana na wanawake vijana ni miongoni mwa uvimbe wa ovari unaoonekana mara nyingi zaidi. Ukikatwa hutoka mafuta mazito ya manjano yanayoganda yakipoa. Ndani ya mafuta kuna fundo la nywele zilizoviringana, na ukipitisha kidole ukutani unakuta kinundu kigumu ambacho mara nyingine ni jino kamili. Ndugu wakionyeshwa kwenye beseni, hofu yao naielewa.

Kilichotokea ni hiki. Yai lina uwezo wa kutengeneza kila kiungo cha mwili, maana ndiyo kazi lililoumbiwa. Yai moja ndani ya ovari limevuka hatua ya kwanza ya kugawanya kromosomu zake, kisha badala ya kusubiri mbegu limeanza kukua peke yake. Bila mpangilio wa mimba halifanyi mtoto, linafanya ngozi, na ngozi huota nywele, hutoa mafuta, na kwenye fizi hutoa meno.

Ushahidi uko kwenye jeni zenyewe, na ulionyeshwa tangu miaka ya 1970. Dermoidi ina kromosomu 46, zote za mwanamke mwenyewe. Pale ambapo yeye ana matoleo mawili tofauti ya jeni, moja la mama na moja la baba, dermoidi mara nyingi ina toleo moja lililorudiwa mara mbili. Hivyo ndivyo inavyokuwa kitu kinapotokana na yai lililokwisha kugawanya kromosomu. Hakuna mwanamume aliyehusika, hakuna jini, hakuna mimba iliyogeuzwa. Msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanamume hupata pia, na asisingiziwe.

Dermoidi kugeuka saratani hutokea kwa 1 hadi 2 kati ya 100, zaidi kwa wanawake wenye umri mkubwa. Kwa mwanamke 1 kati ya 10 hivi huwa pande zote mbili, kwa hiyo ovari ya pili lazima itazamwe.

9. Mdogo wangu alianza kuona vitu, kuropoka na kutetemeka, tukampeleka kwa mganga. Baadaye akakutwa na dermoidi. Vinahusiana?

Huenda vinahusiana. Ni nadra, lakini nimeliweka hapa kwa sababu huku kwetu msichana wa namna hiyo hupigiwa ngoma ya mashetani kwa wiki nzima kabla ya kufika hospitali. Dermoidi mara nyingine huwa na nyama ya ubongo. Kinga ya mwili ikiishambulia nyama hiyo, huushambulia na ubongo wenyewe, kwenye vipokezi viitwavyo NMDA. Ugonjwa huu ulielezwa vizuri mwaka 2007. Dalili ni kubadilika tabia ghafla, kukosa usingizi, degedege, mdomo na mikono kuchezacheza, kisha kupoteza fahamu.

Tiba ni kuutoa uvimbe mapema na kutumia dawa za kutuliza kinga, na wengi hupata nafuu kubwa. Binti aliyepagawa kwa mara ya kwanza na ana degedege, omba apigwe altrasaundi ya tumbo la chini.

10. Wangu wameuita wa "chokoleti".

Ni endometriosisi: utando wa ndani ya mfuko wa uzazi umeota kwenye ovari, unatoa damu kila mwezi, na damu ya zamani inakuwa nyeusi na nzito. Unaweza kuwa na mabadiliko kwenye ARID1A, PIK3CA au KRAS. Mwaka 2017 watafiti waliyakuta mabadiliko ya jeni za saratani kwenye endometriosisi isiyo na saratani yoyote. Kuwa na jeni ya namna hiyo, peke yake, hakumfanyi mtu awe na saratani. Uwezekano wa mwenye endometriosisi kupata saratani ya ovari maishani umepanda kidogo, lakini bado ni chini ya 2 kati ya 100.

11. Na fibroma, Brenner, granulosa?

Fibroma ni uvimbe mgumu wa nyuzi, usio saratani. Baadhi yake una kromosomu ya 12 tatu badala ya mbili. Wakati mwingine huja na maji tumboni na kifuani, hali aliyoieleza daktari Mmarekani Joe Vincent Meigs mwaka 1937. Uvimbe ukitolewa, maji hukauka yenyewe. Kabla ya hapo mgonjwa huweza kudhaniwa ana TB au saratani iliyosambaa.

Brenner ni uvimbe mwingine wa ovari, wa nadra. Wa kawaida hauna mabadiliko mengi. Ukifika mpakani mara nyingi umepoteza CDKN2A.

Granulosa, uvimbe wa seli zinazolizunguka yai, haimo kwenye makundi yetu mawili (usio saratani na wa mpakani), ila inaulizwa sana. Ile ya watu wazima, zaidi ya 9 kati ya 10, ina badiliko moja lilelile kwenye jeni FOXL2, lililogunduliwa mwaka 2009. Ni saratani ya polepole na huweza kurudi baada ya miaka 10 au 20, kwa hiyo usiache kliniki.

## Kurithi na familia

12. Mama yangu alifariki kwa kansa ya ovari, nami nimekutwa na uvimbe wa mpakani. Ni ya ukoo?

Si lazima. Saratani ya ovari inayotembea ndani ya familia kwa sehemu kubwa ni serosi ile kali, inayohusishwa na jeni BRCA1 na BRCA2. Nyingi ya hizo huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, na karibu zote zina TP53 iliyoharibika, bila KRAS wala BRAF. Uvimbe wa mpakani haumo kwenye picha ya kawaida ya BRCA. Mwenye BRCA1 iliyobadilika ana uwezekano wa takriban 4 kati ya 10 wa kupata saratani ya ovari maishani. BRCA2 ni kama 2 kati ya 10.

Lakini historia ya mama yako ina uzito wake, hata kama uvimbe wako hauhusiki. Mweleze daktari, na ueleze ukoo wote. Kwa desturi Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtu akiulizwa kuhusu ndugu hutaja mama wakubwa na wajomba akaishia hapo. BRCA hupita kwa baba vilevile. Shangazi yako aliyeugua saratani ya titi kabla ya miaka 50 anahesabika, na bibi mzaa baba pia.

13. Ni wakati gani uvimbe usio saratani unaashiria jambo la kurithi?

Mara chache, na dalili huwa nje ya ovari. Fibroma pande zote mbili kwa msichana, zenye chokaa ndani, pamoja na vifuko vya maji kwenye taya: fikiria ugonjwa wa Gorlin, jeni PTCH1 au SUFU. Uvimbe wa Sertoli-Leydig, ambao huweza kutoa homoni za kiume, kwa msichana anayeota ndevu na sauti kuwa nzito, hasa akiwa na goita yenye vinundu au kukiwa na mtoto katika familia aliyepata saratani ya mapafu utotoni: DICER1. Madoa meusi midomoni na ndani ya mashavu tangu utoto, na mtu huugua tumbo kujifunga: ugonjwa wa Peutz-Jeghers, jeni STK11, ambao huleta vivimbe vidogo kwenye ovari zote mbili.

Usipokuwa na kitu kama hicho, rudi swali la 3.

## Visababishi vinavyotajwa mitaani

14. Napuliza salfa kwenye mikorosho kila msimu. Ndiyo iliyoleta?

Salfa ya kuzuia ubwiri unga haimo kwenye orodha ya visababishi vinavyojulikana vya saratani, na hakuna uhusiano uliothibitishwa kati yake na uvimbe wa ovari. Kinachojulikana ni kwamba inawasha macho, inakausha koo na kumchokoza mwenye pumu. Jifunge kitambaa au barakoa na upulize ukiwa umeupa upepo mgongo. Mabadiliko ya KRAS na BRAF kwa kiasi kikubwa ni makosa ya kunakili ya swali la 3, na hayamchagui mkulima wa Newala wala karani wa Lindi mjini.

Sigara ni habari nyingine. Uvutaji umehusishwa na uvimbe wa ute wa mpakani.

15. Na uzazi wa mpango?

Vidonge hupunguza uwezekano wa saratani ya ovari. Vijiti vinaweza kuleta vifuko vya maji vya aina ya swali la 2, ambavyo kwa kawaida hupotea vyenyewe. Wala vidonge wala vijiti havileti dermoidi.

## Vipimo, sampuli na upasuaji

16. CA-125 yangu iko juu ya 35. Ndiyo saratani?

Kipimo hicho hakisomi jeni, kinapima protini kwenye damu. Hupanda pia kwa endometriosisi, faibroidi, maambukizi ya nyonga, mimba, hedhi, na TB ya tumbo, ambayo kwetu haipaswi kusahaulika. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, CA-125 peke yake haiamui chochote.

17. Nyama iliyotolewa inatunzwaje? Nimeambiwa niipeleke mwenyewe.

Hapa ndipo majibu mengi yanapoharibikia, kwa hiyo soma taratibu.

Nyama inawekwa kwenye fomalini ya asilimia 10, kiasi cha kama mara 10 ya nyama yenyewe, ndani ya chombo chenye mdomo mpana. Uvimbe wa kilo 3 kwenye ndoo ya lita 4 utaoza katikati kabla dawa haijafika, na kwa joto la pwani hauchukui siku nyingi. Mkubwa lazima upasuliwe ili dawa iingie ndani, na hiyo ni kazi ya mpasuaji, si yako. Maji, dripu ya chumvi na spiriti si mbadala.

Kwenye chombo chenyewe, si kwenye kifuniko, kuwe na jina lako, tarehe, na "ovari ya kulia" au "ya kushoto". Kifuniko kifungwe vizuri, maana fomalini ikimwagika ndani ya basi inachoma macho ya abiria wote. Usikifungue njiani kumwonyesha mtu. Karatasi ya maombi iambatane nacho, ikiwa na umri wako na altrasaundi ilionyesha nini.

Maabara nyama hukatwa vipande, huzamishwa kwenye nta, na kila kipande huchanwa ukanda wa unene wa maikroni 3 hadi 5, ukapakwa rangi ya zambarau na pinki. Vipande vya nta hubaki vikihifadhiwa. Nyama iliyokaa vizuri kwenye fomalini inaweza kusomwa jeni zake hata baada ya miaka, iliyooza haisomeki.

18. Je, nahitaji kipimo cha jeni?

Kwa uvimbe usio saratani, hapana. Kwa wa mpakani, kwa kawaida hapana pia, kwa sababu tiba ni upasuaji na utambuzi hufanywa kwa hadubini. Kusoma jeni za uvimbe ni kazi ya maabara kubwa na gharama yake si ndogo. Usiuze korosho zako kwa kipimo ambacho hakitabadilisha uamuzi wa daktari.

Hufaa pale hadubini inapobishaniwa, uvimbe unaporudi (swali la 22), au dalili za swali la 13 zikiwapo. Kipimo cha BRCA cha damu ni kingine, na sababu zake ziko swali la 12.

Katika mikoa yetu njia ya kawaida ni kuanzia hospitali ya wilaya au ya misheni kama Ndanda au Nyangao, kisha Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Masuala ya saratani hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road na Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla hujafunga safari, uliza kama sampuli inaweza kwenda bila wewe. Mara nyingi kinachotakiwa Dar ni kipande cha nta, si mgonjwa.

19. Bado sijazaa. Lazima watoe kizazi?

Si lazima. Kwa wa mpakani uliobaki upande mmoja, inatosha kutoa ovari na mrija wa upande huo, kukagua tumbo na kuchukua vipimo vya utando wa mafuta. Mfuko wa uzazi na ovari ya pili vinabaki, na wengi hushika mimba baadaye. Wakitoa uvimbe tu na kuiacha ovari, uwezekano wa kurudi ni mkubwa zaidi, ingawa mara nyingi unaorudi ni wa mpakani tena na hutolewa. Mionzi na dawa za kemikali (kemotherapi) hazihitajiki.

Usikubali utobolewe kwa sindano "kupunguza maji" kabla haijajulikana ni uvimbe gani.

## Yasiyo ya kawaida

20. Umekutwa pande zote mbili na vipande vingine kwenye utando wa tumbo. Umesambaa?

Serosi ya mpakani hufanya hivyo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Jeni zikisomwa, mara nyingi badiliko ni lilelile kila mahali, kuonyesha chanzo ni kimoja. La muhimu ni kama vipande hivyo vimekaa juu ya utando au vimepenya. Visivyopenya bado vinahesabiwa ndani ya ugonjwa wa mpakani. Vilivyopenya siku hizi huitwa saratani ya serosi ya polepole, na utaratibu wa matibabu hubadilika.

21. Wameandika kwamba p53 (protini ya jeni TP53) si ya kawaida, lakini uvimbe ni wa mpakani.

Omba utazamwe tena. TP53 iliyoharibika ni nadra kwenye serosi ya mpakani, na ikionekana, mtaalamu wa pili anapaswa kukagua vipande vyote kama kuna saratani kali iliyojificha.

22. Umerudi baada ya miaka 8.

Hutokea, ndiyo maana kliniki ni ya miaka mingi. Kwanza utolewe au uchukuliwe kipande, usidhaniwe tu. Ukiwa umegeuka saratani ya serosi ya polepole, kemikali za kawaida hazina nguvu sana kwake, na hapo ndipo KRAS na BRAF zinapoanza kuwa na faida kwa tiba. Trametinib, dawa inayokata mnyororo ule wa swali la 5, ilionyesha manufaa katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022.

23. Nilitolewa uvimbe zamani, karatasi imepotea na jina la uvimbe silijui.

Rudi hospitali uliyopasuliwa ukiwa na mwaka na jina ulilotumia wakati ule, maana wengi walijiandikisha kwa jina la baba kabla ya kuolewa. Omba daftari la chumba cha upasuaji. Mara nyingi humo imeandikwa kama nyama ilipelekwa maabara, na maabara ipi. Kwa namba ya maabara hiyo, majibu yanaweza kuchapwa upya, na kipande cha nta kikiwapo kinaweza kusomwa tena. Kama haikupelekwa popote, daktari ataanza na altrasaundi ya sasa ya ovari iliyobaki.